Ute wa Tangi la Kisiwani

Niliondoka Bukoba kwa sababu ya mwanamke aliyetuhumiwa kuua watoto. Wachuuzi wa samaki ndio walioleta habari: kwenye kisiwa kimoja cha Muleba watoto wanaharisha, wawili wamezikwa, na watu wanasema Ma Kokushubira ametia sumu kwenye tangi. Mimi nilikuwa fundi wa maabara. Miezi michache nyuma nilikuwa nimeyapima maji ya tangi hilo nikayakuta safi. Ilinibidi nirudi.

Asubuhi nilitoka nyumbani Ijuganyondo na hadubini ndani ya sanduku la mbao. Njia nzima ya kwenda Kemondo tulipishana na watu wa misibani. Miaka ile, baada ya vita, silimu, kama tulivyouita UKIMWI, ilikuwa inamaliza nyumba, na kila kifo kilitafutiwa mtu wa kulaumiwa. Bandarini nahodha aliuliza nimebeba nini. Nilipomwambia, akataka niliweke sanduku mbali na miguu yake.

Mchana tulifika kisiwani. Magesa, mwenyekiti wa wavuvi, mtu wa Mara, alinipokea bila tabasamu.

"Wewe Mhaya, naye Mhaya. Umekuja kumtetea?"

"Nimekuja kuangalia maji, Mwenyekiti."

Tangi lilikuwa la chuma, limeachwa na wanajeshi, nalo likikinga mvua kutoka paa la kanisa. Ma Kokushubira ndiye aliyeshika ufunguo wa bomba. Mumewe alikuwa amekufa kwa silimu, na tangu hapo hakuna aliyekubali kula naye. Kiangazi kilipobana, alilifunga tangi ili maji yasiishe. Alipolifungua, watoto wakaanza kuugua.

"Sasa waitu, ndugu yangu," aliniambia kwa sauti ndogo, "wanasema nililifunga nipate nafasi ya kutia kitu."

Niliingiza mkono tangini. Ukutani kulikuwa na ute unaoteleza kama kambale. Nikaukwangua kidogo, nikautia kwenye chupa ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Chupa ya pili niliiacha na maji matupu. Nikamwita Magesa aangalie tone la kila chupa kwenye hadubini. Hakuona kitu kinachotembea.

"Chupa hizi nitalala nazo mimi," alisema, akazifunga kwa uzi wa nyavu.

Kesho yake aliyakagua mafundo yake, akayafungua mwenyewe. Katika maji matupu hamkuwa na kitu. Katika maji ya ute, vijidudu vilikuwa vinakimbizana kama dagaa chini ya karabai.

Nikaeleza: vijidudu hivi hukaa pamoja, vimejifunika ute vilioutengeneza vyenyewe. Maji yakiingia na kutoka huviletea chakula, navyo hutulia hapo ukutani. Ndiyo maana siku ile nilikuta maji safi. Tangi likifungwa, kama chupa ile, chakula hupungua. Kila kijidudu huihisi njaa hiyo, huachia ute, huogelea kutafuta pengine. Bomba likifunguliwa, vyote hutoka na maji.

"Na aliyevitia kwanza ni nani?" Magesa aliuliza.

"Ndege wanaonyea juu ya paa lenu."

Alilitazama paa. Kisha akaamuru tangi limwagwe na kusuguliwa. Lakini mama mmoja aliyefiwa alilinyooshea kidole sanduku langu. "Hao wadudu si umekuja nao humo?"

Siku ya kurudi nilimkuta Ma Kokushubira ndani ya mtumbwi, na furushi lake.

"Tangi watalisugua, watalikubali," alisema. "Mimi je?"

Kutoka Kemondo nilimsindikiza hadi Buganguzi, kwa kaka yake. Njiani niliwaza kwamba maji niliyoyapima mara moja sikuwa nimeyapima. Kuanzia siku hiyo sikuandika tena neno "safi" bila kupapasa ukuta wa tangi.

Jioni tulifika. Wifi yake alitutandikia mkeka chini ya migomba, akaleta maji. Mimi alinipa glasi. Kwa Ma Kokushubira aliweka chini kopo lenye kutu, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa.

Nikampa Ma Kokushubira glasi yangu. Alikunywa polepole, huku wifi yake akihesabu kila funda kwa macho. Alipomaliza niliichukua ile glasi bila kuifuta, nikaomba nijaziwe. Wifi alisita na mtungi mkononi. Akatutazama wote wawili, kisha akamimina.