Maji Niliyosema Yamepata Moto

Tarehe 9 mwezi wa sita mwaka 2001, saa nne za asubuhi, nilifiwa na mke wangu hapa Butembo. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Kifua ndicho kilichomwondoa, na juu ya kifua hicho nina neno ambalo nimelisema mara moja tu mbele ya watu. Ili lieleweke, lazima nianze na bwawa la kuogelea.

Nilikuwa zamu, maana yake mlinzi, katika lupango, yaani kiwanja chenye nyumba na geti, la mfanyabiashara aliyekuwa akileta vitenge na vyombo kutoka Dubai. Safari moja, kabla vita havijarudi, alileta bwawa ndani ya makatoni kwa ajili ya watoto wake. Halikuchimbwa ardhini. Lilikuwa ukuta wa bati jembamba uliozungushwa duara juu ya uwanja, nguzo za chuma za kuushikilia, na ndani yake bashi nzito ya buluu, turubai la plastiki lililobeba maji. Ukilikata katikati ni hatua tano, na maji yalimfika mtu mzima kifuani. Mtaa mzima uliliita pisine.

Vita viliporudi, tajiri alihamishia familia yake Kampala. Aliniachia funguo na agizo moja. Akasema, "Pisine isikauke. Bashi ikikaa bila maji inajikunja na kupasuka, na hapa hakuna mwenye kuuza ingine."

Basi nikaichunga pisine kama mtu anavyochunga ng'ombe wa mwingine. Asubuhi niliondoa majani ya mikaratusi kwa kipande cha chandarua nilichokishonea kwenye waya. Maji yalipoanza kuwa ya kijani nilitia javeli, dawa ya kung'arisha nguo, na kusugua kuta kwa ufagio laini, polepole, ili bashi isichubuke. Vyura niliwatoa kwa ndoo. Panya alipotoboa bashi, nilikwenda kwa fundi wa matairi ya pikipiki, akanipa kiraka na gundi, nikavua nguo nikaingia kukibandika. Maji yaliyopungua niliyaongeza kwa mvua ya mabati. Nguzo zilizoshika kutu nilizipaka rangi iliyobaki baada ya kupakwa lori la tajiri.

Kuipasha moto ilikuwa kazi nyingine. Butembo ni mji wa baridi, na watoto wa tajiri walipoingia mara ya kwanza walitoka wakilia. Mashine iliyokuja na pisine ilitaka umeme, na mafuta ya jenereta yalikuwa ya shida. Tajiri akamwita fundi wa kuchomelea. Yule fundi alichukua pipa la chuma, akaliziba juu, akachomelea mabomba mawili, moja chini na moja juu, akayaunganisha na matundu mawili ya pisine yaliyokuwa ya ile mashine kwa vipande vya mpira wa tairi. Pipa likakaa bondeni nyuma ya nyumba, chini kuliko pisine, juu ya mawe matatu, na moto chini yake. Maji ya moto yalipanda yenyewe kwa bomba la juu, ya baridi yakashuka kwa bomba la chini. Hakukuwa na mashine. Lakini yalitaka siku tatu za kuni bila kulala, na usiku kufunika pisine nzima kwa turubai.

Kanisa letu la Kiprotestanti lilibatiza mtoni. Kisha askari wa waasi waliotawala mji wakakataza watu kukusanyika kule bondeni, wakisema ndiko vijana wa msituni wanakonyunyiziwa maji ya vita ya kuzuia risasi. Wazee wa kanisa wakanijia. Nilimtumia tajiri neno kwa dereva wa Kampala, naye akakubali. Tangu hapo waumini wakawa wanabatizwa ndani ya pisine ya buluu, wakipanda ngazi ya plastiki.

Mke wangu hakuwa mmoja wao. Yeye alizaliwa Mkatoliki, huko Beni, katika komini ya Ruwenzori, akamwagiwa maji kichwani akiwa mtoto mchanga. Aliponifuata mimi aliacha kwenda misa, akawa anakaa nami kanisani kwetu. Lakini kwetu asiyezamishwa hali Meza ya Bwana. Miaka kumi na mitatu sahani ya mkate ilipita mikononi mwake akaisogeza kwa jirani. Kila nilipomsemesha juu ya jambo hilo alinicheka.

"Ninyi munapenda kuloweka batu sawa manguo," alisema. "Mimi nilishabatizwa. Na sikutetemeka."

"Ulikuwa mutoto. Utajua je kama hukutetemeka?"

"Mama aliniambia. Nililala tu, mpaka mwisho."

Mwanzoni mwa mwaka ule alianza kukohoa, na kukohoa hakukuisha. Tuliwapeleka watoto wetu wawili Beni kwa mama yake, wasiambukizwe na tena wasile njaa pamoja nasi. Muganga wa kituo cha afya alimpa dawa, akanivuta pembeni akaniambia: "Asipate baridi. Hata kidogo."

Siku moja mke wangu alikuwa akichambua maharage kitandani, akaniuliza bila kuinua macho: "Nikifa, nani atanizika?"

Nikasema asiseme hivyo.

"Mais nauliza. Kwa Bakatoliki nilitoka. Kwenu sijaingia. Donc nitazikwa na nani? Na zamu peke yake?"

Kwetu asiyebatizwa huzikwa na ndugu zake, lakini kwaya haimwimbii na mchungaji havai joho. Yeye alipenda kwaya kuliko mahubiri yote. Akaendelea kuchambua maharage, halafu akasema: "Niwashie moto, baba batoto. Maji yakiwa ya moto, nitaingia."

Mchungaji wetu alikuwa amekwama Beni kwa sababu ya barabara. Alituma habari kwamba atafika Jumapili ya tarehe 20 mwezi wa tano, abatize, na Jumatatu arudi na magari yaleyale atakayokuja nayo, maana hakujua kama njia ingefunguka tena. Ilikuwa siku hiyo au hapana. Nikawasha moto Alhamisi.

Mzee mmoja wa kanisa, mtu mkavu mwenye koti la mvua, alipita akanikuta nikichochea. "Yoane alichemsha Yordani?" akaniuliza.

"Yordani haiko Butembo, mzee."

Alicheka mpaka akashika goti. Kesho yake alimtuma mjukuu wake aniletee mzigo wa kuni.

Jumamosi mchana maji yalikuwa mazuri. Nilitia mkono mpaka begani nikasikia uvuguvugu mpaka chini. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: nilifurahi kuliko siku zote za vita. Nilikimbia nyumbani kumwambia mke wangu, akaniambia niache kuruka kama mbuzi.

Alasiri askari sita waliona moshi, wakabisha geti kwa kitako cha bunduki. Mmoja alitumbukiza mkono kwenye pisine.

"Eh! Papa zamu! Nani anaoga hapa, gouverneur?"

"Ni ya kanisa, mukubwa. Ni ya ubatizo."

"Basi na sisi tubatizwe! Sisi tuna zambi mingi kuliko bale bamama zako!"

Wakavua. Wakaingia na sabuni, wakafua hata sare zao mle ndani, wakiimba na kurushiana maji. Hawakunipiga. Mmoja alinishukuru. Walipotoka, walichukua kuni zote zilizobaki, wakawapandishia wapita njia wawili kichwani, wakaenda.

Maji yalibaki na rangi ya majivu, na povu juu. Lakini yalikuwa ya moto bado.

Hapa ndipo nilipokosa. Nilisimama pale nikaona sitaweza kumtia mke wangu, wala mtu yeyote, katika maji ya ubatizo yaliyofuliwa suruali za vita. Hakuna aliyeniagiza. Sikumwuliza mzee wala shemasi. Niliona aibu mbele ya Mungu, nikafungua kizibo cha chini. Moto wangu wa siku tatu ukashuka kwenye mfereji ukitoa mvuke, ukaingia katika maharage ya jirani. Nilisugua bashi. Vijana na mama wa kwaya walibeba madumu kutoka chemchemi mpaka giza likaingia, na mvua ikanyesha ikasaidia. Maji yakafika kiunoni, safi kabisa, baridi kama chuma.

Nilichoma mlango wa banda la kuku. Nilichoma makatoni na benchi. Asubuhi nilitia kiwiko, kiwiko hakikusikia joto.

Mchungaji alifika na matope ya barabara kwenye suruali. Walikuwa watu kumi na mmoja wa kubatizwa. Mke wangu alikuja na shuka jeupe, akiegemea dada wa kwaya, akakaa kwenye kiti nilichomwekea juani. Alinitazama.

"Yamepata moto?"

Nikajibu, "Yamepata."

Nilisema neno hilo moja. Ningeweza kumwambia hapana, naye angerudi nyumbani, na mchungaji angerudi Beni, na angekufa bila kwaya. Niliyapima hayo yote kwa muda wa kumeza mate. Au labda sikupima kitu, niliogopa tu uso wake ungebadilika. Nimejiuliza mara nyingi ni lipi, na sijui.

Alipanda ngazi. Alipotia mguu niliona kidevu chake kimekaza, mguu wa pili ukafuata, akashuka mpaka kiunoni bila kusimama. Hakunitazama. Mchungaji alimshika mgongoni na kifuani, akasema maneno, akamlaza chini ya maji akamwinua. Kwaya ikaimba. Alitoka midomo ikiwa ya kijivu, na yeye mwenyewe akijaribu kuimba ubeti wa pili.

Baadaye, wakati wa chai, nilimweleza mchungaji habari za askari na jinsi nilivyomwaga maji. Alishangaa. "Ungeyaacha," akasema. "Mutoni tulikuwa tunabatiza ndani ya matope kila mwaka. Ng'ombe wanakojoa pale juu." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akikoroga sukari.

Jioni ile, chini ya mablanketi mawili, mke wangu alinigusa mkono. "Baba batoto. Moto yako ilikuwa inalala." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi hakikukoma mpaka usiku wa manane. Nilitaka kumwomba msamaha. Nilikwenda kumchemshia chai. Hatukulisema tena.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa sita shemasi alimletea Meza ya Bwana kitandani. Alikula mkate, akasema, "Ni kidogo hivi?" Siku sita baadaye alifariki, mkono wake ndani ya wangu, asubuhi, mvua ikipiga bati. Zilikuwa siku ishirini tangu abatizwe.

Kwaya ilimwimbia kutoka nyumbani mpaka makaburini, na mchungaji wa kanisa letu la parokia jirani alivaa joho. Hilo nililolitaka nililipata.

Wakwe walifika siku ya tatu kutoka Beni: mama yake, kaka yake mkubwa, na wajomba wawili. Kwetu matanga hayavunjwi kabla mume hajasimama mbele ya wakwe kueleza ugonjwa wa marehemu, tangu siku ya kwanza mpaka pumzi ya mwisho. Watu hukaa kimya wakisikiliza. Wengi husema maneno machache tu: aliugua, tulimpeleka kwa waganga, Mungu akamchukua. Hakuna angenilaumu kwa hayo.

Nilisimama nikaeleza. Nilianza na kikohozi, nikafika kwenye dawa, na onyo la muganga. Nikaeleza moto, na askari, na kizibo. Nikasema aliniuliza kama maji yamepata moto, nikamjibu yamepata, na hayakupata.

Kaka yake alikuwa akizungusha kofia magotini.

"Shemeji," akasema, "kwa nini unatuambia hii?"

"Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa."

"Ni baridi ilimuua?"

Nikasema muganga aliniambia kifua kilikuwa kimekwisha hata kabla. Nikasema mimi sijui.

Mjomba mmoja akaanza kupaza sauti, kwamba Waprotestanti wameua mtoto wao ndani ya ndoo. Kaka wa marehemu akamzuia kwa mkono. Walitoka nje kushauriana. Waliporudi kaka alisema wamesikia, matanga yanaweza kuvunjwa, na watoto watabaki Beni kwa sasa. Hilo la watoto sikulipinga.

Watu walipoanza kufunga mizigo, mama mkwe alinijia. Akasema, "Nionyeshe."

Nikampeleka kwenye lupango. Ilikuwa karibu saa sita, jua limetoka. Majani ya mikaratusi yalikuwa yamejaa juu ya maji, maana sikuwa nimeyaondoa tangu msiba. Alikuwa mfupi, ukuta ulimfika begani. Akakunja mkono wa blauzi, akasogeza majani, akatia mkono mpaka kiwikoni katika yale maji ya baridi, akauacha humo. Nilisimama nyuma yake. Sijui ni muda gani. Nilisikia kuku wa jirani na pikipiki zikipanda mlima.

Akautoa mkono, akaupangusa kwenye kitenge chake, akateremsha blauzi.

"Gari ya Beni inatoka saa ngapi?" akaniuliza.

Nikamwambia saa saba, ikijaa. Nikambebea mfuko mpaka kwenye gari.