Nyuma ni Fiksi

Baiskeli yangu haikuwa na breki, na hilo lilimkera baba kuliko mambo yote. Alikuwa na duka la jumla la vyombo Kariakoo, masufuria na ndoo na chupa za chai, na kwa akili yake chombo kisicho na breki hakikustahili hata kuvuka mlango.

"Siku ukimgonga mtu," aliniambia, "itapanda lori la Desemba. Itaenda kubeba ndizi kwa baba yako mdogo."

Kila Desemba tulifunga duka tukaenda kwetu Kilimanjaro, na mizigo ilitangulia kwa lori. Baba hakuwa mtu wa kutishia bure. Nilikuwa na miaka kumi na saba na sikuwa na kitu kingine duniani nilichokipenda hivyo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipoachiwa kuingia. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sukari na sabuni, tukaangukia kwenye makontena. Kila wiki lilifunguliwa kontena mahali fulani, na ndani yake mlikuwa na vitu ambavyo hata aliyeviagiza hakujua kazi yake. Fremu yangu ilitoka humo, fupi na nyepesi, pamoja na gurudumu la nyuma ambalo halikuwa na firiwili, ile gia inayoacha pedeli zitulie tairi likizunguka. Gia yake ilikazwa moja kwa moja kwenye gurudumu, kwa hiyo tairi likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, upende usipende. Ukirudisha pedeli nyuma, baiskeli inarudi nyuma. Ukikaza miguu, inasimama. Baharia mmoja aliyekuja kununua sufuria aliitazama, akaniambia kwamba huko Ulaya ameona vijana wakizichezea, na zinaitwa fiksi.

Jina hilo lilinitesa tangu siku ya kwanza, maana mtaani kwetu fiksi ni uongo. Mtu akikuambia amekula chakula cha mchana na waziri, unamwambia aache fiksi. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilikuwa mbishi, na bado ni mbishi. Nilishikilia kwamba jina ni jina.

Nilihangaika nayo miezi mingi. Usukani niliutoa kwenye baiskeli nyingine, nikaupeleka kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani ukachomelewa upya ili ukae juu. Kwenye ekseli ya nyuma nilifunga vipande viwili vya bomba la maji, kimoja kila upande, vya kusimamia. Rangi ilikuwa ya kijani, mabaki ya milango ya dukani. Breki nilizitoa kwa sababu kila nilipozungusha usukani nyaya zilijisokota. Nikajifunza kusimama palepale bila kuweka mguu chini, kwenda kinyumenyume, na kukaa juu ya usukani huku naendesha. Baba hakuwahi kutazama hata mara moja. Alisikia kwa wateja kwamba mwanawe anacheza sarakasi, akaguna, akaendelea kupanga ndoo.

Nilitaka aone, mara moja tu. Niliamini kwamba akiona, habari za ndizi zitakwisha.

Nafasi ikaja kwa jirani yetu wa Mchafukoge, Mhindu mmoja muuza vitambaa, aliyekuwa anafungua duka la pili karibu na letu. Aliniomba nicheze mbele ya mlango Jumapili ya ufunguzi ili wapita njia wasimame. Baba naye alialikwa, na kwa heshima ya ujirani akasema atapita akitoka kanisani.

Jumamosi, tairi la nyuma likapata pancha. Nikaikokota mpaka kwa fundi wa Mtaa wa Msimbazi, mtu makini ambaye hajawahi kuniharibia kitu, ingawa baiskeli hii alikuwa hajawahi kuishika.

"Kaka, pancha tu," nilimwambia. "Ila nyuma ni fiksi, usishangae."

"Nani kakufanyia hivyo?"

"Imekuja hivyohivyo, kwenye kontena."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Makontena haya. Niachie."

Jioni nilikuta ameenda kuswali. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, imepakwa grisi, inang'aa. Sikuipanda, nilitaka ibaki safi kwa ajili ya Jumapili. Firiwili ukiikokota hulia tik-tik-tik, kila mtoto anajua, lakini Kariakoo ya Jumamosi jioni kila mlango ulikuwa na redio yake, na mimi masikio yangu yalikuwa kesho yake.

Jumapili jirani alipasua nazi mlangoni pa duka jipya, kama ilivyo desturi yao, na maji yakatapakaa kwenye saruji. Baba alisimama mbele ya watu, na shati lake la kanisani. Nilikuwa nimepanga kuanza na kubwa: nije kwa kasi, nisimame kavu hatua moja mbele yake, kisha nirudi kinyumenyume polepole. Nikatokea kwenye kona nikikanyaga kwa nguvu zote. Nilipofika nikakaza miguu. Pedeli zikarudi nyuma kwa ulaini, kama mwiko kwenye uji mwepesi, na baiskeli ikaendelea na safari yake.

Nilimgonga baba gotini. Tukaanguka wote wawili.

"Ameteleza kwenye maji ya nazi," mtu akasema, na wote wakakubali. Jirani alishika kichwa, akaomba radhi mara nyingi. Maji ya nazi yalikuwa upande wa pili kabisa wa mlango. Nilinyamaza. Naona aibu mpaka leo kwamba nilinyamaza. Baba alinitazama, akayatazama yale maji, akajipangusa suruali.

Nyumbani, akiwa amekandwa goti, nilishindwa kuvumilia. "Baba, siyo nazi. Baiskeli ilikataa kusimama."

"Najua siyo nazi," akasema. "Nilikuwa nangoja nione utakaa na siri hiyo mpaka lini."

Jumatatu akachechemea nami mpaka Msimbazi. Fundi alishangaa kutuona na nyuso zile. "Mzee, kijana mwenyewe aliniambia nyuma ni fiksi," alisema. "Nikafungua nikaona kweli, kauziwa gurudumu la uongo, halina hata firiwili. Nikamtafutia nzima. Hata pesa sikutaka, mtoto wa jirani." Gia yangu alikuwa ameihifadhi kwenye kopo, pamoja na skrubu mbovu.

Baba alinigeukia. "Ulimwambia neno gani?"

Nikalirudia. Mbele ya watu wazima wawili lilisikika la kipumbavu kweli. Fundi aliomba msamaha, nami nikaomba, kisha akanirudishia gia yangu kwenye gurudumu, akaikaza.

Kesho yake asubuhi, kabla mikokoteni haijatoka, baba alinipeleka palepale mbele ya duka la jirani. Akasimama mahali alipoangukia, uzito wote kwenye mguu mmoja.

"Rudia," akasema.

Nilikwenda mpaka kwenye kona. Nilimwona kwa mbali, hakuwa na kitu cha kushika, hakusogea. Nikaja, lakini sikuweza. Miguu ilikaza yenyewe nikiwa bado mbali, hatua kumi nzima, na baiskeli ikasimama kavu kama nilivyoizoea. Sikurudi kinyumenyume. Nilishuka tu, nikaanza kulia.

Baba akazitembea zile hatua kumi akichechemea, akashika usukani, akaupimapima uzito.

"Hii haiendi kwetu," akasema. "Kule ni mteremko mtupu. Itaniulia mdogo wangu."

Lori liliondoka bila baiskeli. Siku ya Krismasi baba mdogo alimwuliza mbele ya ukoo mzima kilichompata mguuni. Nikainamisha kichwa. Baba, mtu ambaye hakuwahi kumdanganya hata mteja, akamega nyama yake akasema ni maji ya nazi, jirani alikuwa anafungua duka.