Sauti ya Bondeni Tuliyokataa Kuiitikia

Habari ilinifikia Jumatatu asubuhi nikiwa nyumbani Nyamitanga, hapa Mbarara, kikombe cha chai mkononi. Mama mmoja Mkongomani ninayemfahamu kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale alinipigia simu, akasema, "Muzee wetu amekufa. Tumemukuta kule chini." Hakuhitaji kunieleza ni chini wapi. Wasomaji wangu wa siku nyingi nao wanapajua, maana niliwahi kupaandika hapa: bonde la matete upande wa ziwa, ambako inasemekana sauti humwita mtu kwa jina lake, na anayeitika hafiki mavuno ya maharage. Makala ile ilisomwa kuliko zote nilizowahi kuandika. Watu walitoka Mbarara na simu zao kwenda kupapiga picha, na hakuna hata mmoja wao aliyethubutu kushuka. Leo najuta kuiandika.

Marehemu alikuwa mkulima kutoka Kivu Kusini, mwembamba, mcheshi, mwenye koti moja la kanisani alilolivaa hata shambani. Nyumba yake ndiyo ya mwisho kabla ya bonde, na ndiye aliyewasimulia wageni habari za sauti ile. Nilimpelekea wageni wengi, lakini simsahau sajenti mmoja mstaafu, jirani yangu wa mjini, aliyenicheka njia nzima tangu mji mdogo wa Kaberebere. "Mimi nilipigana vita mingi," alisema. "Wacha niende nione hiyo shetani sura yake." Mzee akamkaribisha vizuri, akamuuliza jina, akampa kiti, kisha akaaga kwamba anakwenda kufunga mbuzi. Sajenti akashuka peke yake. Hakufika hata kwenye matete. Sauti ikamwita, taratibu, jina lake kamili, mara mbili. Alipanda kile kilima mbio, kofia mkononi, na tulipokaribia mjini akanigeukia. "Bwana, hii kitu usiandike," alisema. "Watu ya kambi ya jeshi watanicheka." Mimi nikaandika, ila sikumtaja.

Safari iliyofuata nilikwenda peke yangu. Nilimkuta mzee akimenya mihogo, nikamwambia jinsi sajenti alivyokosa usingizi. Akacheka mpaka kisu kikamwanguka. "Ni miye njo nilimuita," akasema. Kisha akaokota kisu, akanieleza mambo ambayo hakuwa amemwambia mtu. Alipotoka Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, na kupewa kiwanja, mkewe hakumaliza msimu mmoja. Alizikwa kule bondeni, pamoja na wengine waliofariki siku zile, bila saruji wala msalaba. Juu ya kila kaburi walipanda masale, yale majani marefu, kama walivyofanya kwao. Lakini kwa wenyeji wa huku, na kwa wageni wengi pia, masale ni alama ya mpaka wa shamba. Kila aliyekuja aliona mipaka ya zamani isiyo na mwenyewe, akang'oa, akaanza kulima. Siku moja mzee alikuta jembe la mtu limefika miguuni pa mkewe.

"Niliwaambia hapa fasi ni ya bafu betu, batu benye balikufa, banasema ndiyo, kesho banarudi na majembe," alisema. "Lakini niliposema kuko sauti, hakuna aliyerudi. Watu banaogopa shetani kuliko banaheshimia mufu." Aliniomba nisiandike ukweli, maana wiki hiyohiyo wangepanda maharage juu ya mkewe. Niliahidi. Nilipoinuka kuondoka akanishika mkono, na safari hii hakucheka. "Lakini siku zingine nasikiaka inaita kule, na miye niko huku." Nilishindwa kujua kama ananitania.

Nimewaza sana tangu wakati huo. Hapa Mbarara nasi tuna nyumba tunazozipita haraka na miti tusiyoipumzikia, na sijawahi kuuliza ni nani aliyetangulia kusema kuwa mahali fulani pana mambo, wala alikuwa analinda nini. Makambini watu huhama. Familia hupata safari ya kwenda nchi za mbali, wanaondoka na mabegi na watoto, na wafu wao wanabaki chini ya ardhi ambayo kesho atapewa mwingine. Mzee hakuwa na hati wala ofisi ya kumsikiliza. Alikuwa na woga wetu tu, akautumia kama ua. Sikuona ubaya wake, na nikamsaidia kuusimamisha ua ule kwa kalamu yangu.

Sasa niseme habari ya Jumapili, siku moja kabla ya simu ile. Nilikuwa Nakivale. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na ukungu ulikuwa bado umeziba ziwa. Nyumba ya mzee ilikuwa imefungwa. Nikasimama njiani na yule mama jirani, nikimuuliza mzee yuko wapi, ndipo sauti ikatoka bondeni. Iliita jina langu. Ilikuwa dhaifu, kama ya mtu aliyechoka. Mama akanikamata mkono kwa nguvu. "Usiitike, baba! Tangu asubui inaitaka watu. Imeniita na miye." Wasomaji wangu, katika dunia nzima ni mimi peke yangu niliyejua mwenye sauti ile. Kwanza nilidhani ananifanyia mchezo wa sajenti. Kisha nikakumbuka alivyoniambia akinishika mkono, kwamba siku zingine naye huisikia ikiita. Sauti ikaita tena. Nikageuka, nikaenda kutafuta gari la Kaberebere.

Waliomkuta mzee walisema alikuwa ameteleza kwenye tope akipalilia masale ya mkewe, paja likavunjika. Aliita jirani mmoja mmoja kwa jina. Kijiji kizima kilimsikia, na kijiji kizima kilifanya alichokuwa amekifundisha.

Tulimzika Jumatano pale pale, kando ya mkewe. Jeneza lilipofika ukingoni wabebaji walisimama, hakuna aliyetaka kutangulia, mpaka sajenti, aliyekuja bila kuitwa na mtu, alipovua kofia na kushuka wa kwanza. Nimevunja ahadi yangu kwa marehemu, na najua majembe yanaweza kurudi. Kwa hiyo nawaomba wanaolima upande ule: masale yale si mpaka, chini yake wamelala watu. Nanyi mnaonisoma, mkisikia mtu anawaita kutoka mahali msipomwona, itikeni, kisha mwende. Heri nionekane mjinga mbele ya shetani kuliko kubeba ninachokibeba sasa. Siku ile ya mazishi, watu walipoanza kupanda kilima, nilibaki nyuma nikaitika kwa sauti, "Naam, mzee, nakuja." Waliokuwa mbele yangu walisikia, wakaanza kukimbia.