Kasha la Chuma Lilikuwa Wazi

Jumatatu hiyo Nangila alikuwa akitafuta mashuka safi alipoona kwamba kasha la chuma liko wazi. Lilikuwa ndani ya kabati la nguo, limekazwa ukutani kwa boliti nne, na kwa miaka kumi na moja hakuwahi kulikuta wazi hata siku moja. Akapiga magoti. Ndani mlikuwa na bahasha ya leseni ya mumewe, boksi la risasi na mfuko wa ngozi wa kuvaa kiunoni. Akaushika ule mfuko. Ulikuwa mwepesi. Hapakuwa na bastola ndani yake.

Wabuge, mumewe, alikuwa nje akitembea kama alivyotembea kila siku tangu mvua zianze: kutoka mlangoni hadi geti, kutoka geti hadi banda la kuku, kisha mlangoni tena. Alikuwa na miaka sabini na moja, na miguu yake ilikuwa haijui kutulia.

"Baba Ashley," Nangila akamwita, akijaribu kuishusha sauti. "Ile kitu yako iko wapi?"

"Iko mahali."

"Mahali gani?"

"Mahali hawawezi kufika."

"Akina nani?"

Wabuge akamtazama kama mtu anayemhurumia mtoto mjinga. "We unawajua," akasema, akaendelea na safari yake ya kwenda geti.

Wabuge hakuwa mtu wa mchezo na silaha. Zamani walikuwa na duka la nafaka katika mji mdogo wa Burnt Forest, wakinunua mahindi kwa wakulima na kuyapeleka mjini kwa lori. Vita vya baada ya uchaguzi viliwatoa huko wakiwa na binti yao, sufuria moja na nguo walizovaa. Wakaanza upya Eldoret, wakajenga nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa Pioneer, na lori likapatikana tena. Kisha jioni moja karibu na Cheptiret watu wanne wakamsimamisha barabarani, wakamlaza kwenye mtaro, wakaenda na lori. Alirudi nyumbani kwa miguu na tope usoni, na hakuongea siku mbili. Siku ya tatu alisema anataka leseni ya bastola.

Nangila alikataa. Walibishana mwezi mzima. Mwishowe aliyemaliza ubishi ni Osman, rafiki wa Wabuge wa miaka mingi, msafirishaji wa mizigo ya Lodwar, ambaye mwenyewe alikuwa na leseni. "Mama Ashley," alimwambia, "mtu kama huyu asipopewa ya halali atatafuta ya gizani. Afadhali ile ambayo serikali inaijua." Basi Wabuge akapita kwa chifu, kwa polisi, kwa daktari, akapigwa alama za vidole, akaulizwa maswali mpaka akachoka. Siku ya kwenda dukani kuichagua, Nangila alienda naye. Wabuge aliielekea moja kwa moja bastola kubwa ya kung'aa. Muuzaji, mzee mpole mwenye miwani, alimwambia aishike, kisha akaitazama mikono yake midogo. "Hii haikukai," akasema. "Kidole chako kinanyooka kama cha mtu anayefikia dari. Silaha isiyokukaa mkononi ni ya adui yako." Akamletea moja ndogo nyeusi, isiyo na urembo wowote, na akamfanya aifungue na kuifunga mara ishirini kabla ya kumruhusu aondoke.

Tangu siku hiyo Wabuge aliishi na sheria zake. Bastola inalala ndani ya kasha, risasi nje ya bastola, ufunguo shingoni kwa kamba. Hakuibeba harusini wala matangani, na hakuwahi kuishika akiwa ameonja hata tone la pombe ya busaa. Kila mwaka afisa mmoja wa polisi, Kipyego, alikuja nyumbani kukagua, na siku hiyo Wabuge alivaa koti.

Halafu, kidogo kidogo, alianza kusahau. Kwanza majina, kisha njia ya kanisani. Daktari alisema ni ugonjwa wa wazee wa kusahau, na hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Lori jingine alilolinunua baadaye liliuzwa. Wabuge alianza kusikia watu wakija kutoka upande wa Burnt Forest, wakivuka daraja kumfuata, na kila mbwa aliyebweka alimfanya asimame. Nangila alifikiria kila kitu: jiko la gesi, geti, dawa za presha. Kasha hakulifikiria. Lilikuwa limefungwa kwa miaka mingi hivi kwamba kwake lilikuwa sehemu ya ukuta.

Sasa alilifikiria kila dakika. Jumatatu alasiri aligeuza godoro. Jumanne aliingiza mkono ndani ya magunia ya maharagwe mpaka begani, akafungua tangi la choo, akapanda meza na kupapasa juu ya dari. Aliondoa kuni moja moja na kuzipanga upya. Alinyanyua kila kuku kwenye kiota chake, isipokuwa yule mweusi aliyekuwa akiatamia, kwa sababu alimdonoa mpaka damu ikatoka. Wabuge alikuwa akimfuata nyuma.

"Unatafuta nini, Mama Ashley?"

"Sindano."

"Sindano kwa kuni?"

"Ilianguka tu."

"Ngoja nikusaidie," akasema, na wote wawili wakainama kutafuta sindano ambayo haikuwepo.

Hakulala vizuri. Mumewe akigeuka kitandani, yeye alipitisha mkono chini ya mto wake. Akikaa kula, alisimama kabla ya kumaliza ugali. Alijua jambo la kufanya ni kwenda polisi, lakini kila akijifunga leso aliona pingu kwenye ile mikono midogo, na majirani wamejaa getini wakisema Mzee Wabuge ameshikwa. Alijiambia ataipata leo. Kesho yake alijiambia hivyohivyo.

Jumatano Ashley, binti yao, alipiga simu kutoka Kitale. Shule zilikuwa zimefungwa, na kila likizo alimleta bintiye Brigid, mwenye miaka mitano, kukaa na babu na nyanya yake, aliowaita Kuka na Kukhu.

"Usimlete sasa," Nangila akasema.

"Kwa nini? Amekuwa akiuliza Kukhu, Kukhu, kila siku."

"Niko na homa."

"Basi ndio nakuja kabisa."

"Ashley, nimesema usije!" Akakata simu. Hakuwa amewahi kumkatia binti yake simu.

Alhamisi asubuhi alimwomba Mama Shiko, jirani, amtazamie Wabuge kidogo, akaenda mjini kwenye ofisi ya Osman. Alimkuta akipiga kelele na dereva kuhusu tairi. Osman alipoona uso wake alimfukuza dereva na kufunga mlango. Nangila akamweleza yote, macho sakafuni.

Osman alivuta kiti, akaketi. Kisha akauliza, "Iko na risasi ndani?"

"Sijui."

"Siku ngapi?"

"Kutoka Jumatatu."

"Subhanallah! Na leo Alhamisi. Kwa nini hukunipigia?"

"Niliogopa watamshika."

"Shemeji, sikiza. Kusahau kwake ni siri ya nyumba yenu, na mimi nitaitunza. Lakini bastola haina siri. Twende sasa hivi."

Kipyego aliwasikiliza kituoni bila kuandika kitu. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Mama, mngekuja siku ileile," akasema, na hapo tu ndipo alipoonyesha hasira. "Nikileta watu wa kupekua, mzee atashtuka. Na mtu aliyeshtuka, na silaha iko karibu naye, sijui atafanya nini."

Nangila akainua kichwa. "Mwaka huu hujakuja kukagua."

"Bado. Ilikuwa mwezi ujao."

"Kuja leo. Amesahau jina la dada yake, lakini siku ya ukaguzi hajawahi kuisahau. Mwambie akuonyeshe. Pengine mwenyewe ataitoa."

Walikuwa njiani, kwenye gari la Osman, simu ya Nangila ilipolia. Ni Ashley. "Mama, uko wapi? Sisi tumefika. Mama Shiko ameenda kwake, mimi napika chai. Brigid yuko nje na Kuka wanaokota mayai."

Nangila aliiteremsha simu kutoka sikioni. Osman alimwona usoni, akakanyaga mafuta.

Walimkuta mtoto getini akiwa na kikapu chenye mayai matatu. "Kukhu, angalia! Nimeingiza mkono mwenyewe, kuku hajaniuma!" Nangila alimnyakua, akamkabidhi Ashley aliyekuwa amesimama mlangoni na kijiko mkononi. "Mpeleke kwa Mama Shiko. Usiniulize. Nenda!" Ashley alifungua mdomo, akaona sare ya polisi, akaenda.

Wabuge alikuwa ukumbini. Alipomwona Kipyego alisimama wima, akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Karibu, afande."

"Asante, mzee. Nimekuja kukagua silaha."

"Ni haki yako." Akashika kamba shingoni, akaingia chumbani kwa hatua za mtu anayejua anakokwenda. Walisikia kasha likifunguka. Kisha boksi la risasi likasogezwa. Alipotoka alikuwa na leseni mkononi, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Afande, haiko. Nimeibiwa."

"Tulia, mzee. Labda umeiweka mahali salama zaidi."

Wabuge akatazama dirishani. Midomo yake ilicheza. Kisha akageuka, akapita kati yao, akatoka nje, nao wakamfuata polepole. Alienda mpaka bandani, akainama kwenye kiota cha mwisho, akaingiza mkono chini ya yule kuku mweusi. Kuku alipiga kelele na kumdonoa, naye hakujali. Akatoa soksi ya kijivu, na ndani ya soksi akatoa bastola.

Ilipoingia mkononi mwake, yule mzee wa ukaguzi alipotea. Mabega yalipanda. Alitazama geti.

"Wamefika darajani?" akauliza.

Osman alimshika Nangila mkono na kumvuta nyuma ya ukuta wa jikoni. Kipyego hakusogea mbele wala nyuma.

"Hakuna mtu darajani, mzee. Nimepita huko sasa hivi. Ni mimi tu, na mama, na Osman."

"Una hakika?"

"Nimeapa. Sasa nionyeshe vile ulifundishwa. Nitaandika kwa kitabu yangu. Mdomo wa bastola unatazama wapi?"

"Chini," Wabuge akajibu haraka, kama mwanafunzi, na mkono ukashuka.

"Na kidole?"

"Nje ya kifyatulio."

"Vizuri. Toa risasi."

Na mikono ile ikafanya kazi yake. Kichwa kilikuwa kimesahau mengi, lakini vidole havikuwa vimesahau chochote. Magazini, kile kisanduku chembamba cha risasi, ikatoka, imejaa. Akavuta kifuniko cha juu nyuma, na risasi moja iliyokuwa tayari imeingia ndani ikaruka, ikaanguka kwenye mbolea ya kuku. Kuku wawili waliikimbilia wakidhani ni punje ya mahindi. Wabuge akaitazama bastola tupu, akachungulia ndani, akapapasa kwa kidole kidogo kuhakikisha, kisha akaiweka juu ya debe lililopinduliwa na kurudi nyuma hatua mbili.

"Tayari kwa ukaguzi," akasema.

Nangila aliketi chini palepale alipokuwa. Alikuwa akiuona mkono wa Brigid ukiingia kwenye kiota kimoja baada ya kingine.

Kipyego aliandika karatasi ya kuichukua bastola, risasi na leseni. Wabuge alitia sahihi yake nzuri ya zamani, yenye mkia, akamshukuru. Hakuna aliyemfunga pingu. Afisa aliongea na Nangila pembeni: bastola haitarudi katika nyumba hii, na barua ya daktari ipelekwe kituoni wiki hiyo. Nangila akakubali kila neno.

Ashley ndiye aliyekuwa mgumu. Alipoelezwa, alilia kwanza, kisha akakasirika. "Siku nne, Mama. Siku nne ulijua."

"Nilikuambia usije."

"Uliniambia una homa!"

Nangila alikusanya vikombe, akavipeleka kwenye karai. Baadaye, wakiosha vikombe, alisema, "Niliona haya. Baba yako hakuwahi kukosea na ile kitu. Sikutaka mtu aseme amekosea." Ashley aliendelea kufuta kikombe kilichokuwa kimekauka zamani. Usiku huo hakulala hapo. Aliondoka na mtoto kwa basi la jioni. Ilipita miezi miwili kabla ya Brigid kurudi Pioneer, na siku hiyo Ashley mwenyewe alizunguka nyumba yote kwanza, chumba baada ya chumba, na mama yake akamfungulia milango.

Osman naye hakutulia. Jumapili alikuja kumsalimia rafiki yake, na wakati wa kuondoka alimwambia Nangila, "Nimewakalisha mke wangu Halima na kijana wetu Idris. Nimewaonyesha yangu iko wapi na ufunguo uko wapi. Nimewaambia, siku mkiona naanza kurudia maneno, msinihurumie. Mwiteni afande siku hiyohiyo."

Wabuge aliisahau siku ya ukaguzi kabla haijaisha, lakini hakuisahau bastola. Aliitafuta. Aligeuza godoro, akapangua kuni, akamwita mkewe mwizi, na mara mbili alimwuliza wanaume wa Burnt Forest wamempa nini ili amsaliti. Nangila alijifunza kutobishana. Alimwambia, "Iko kwa afande, inaangaliwa," na wakati mwingine ilitosha, wakati mwingine haikutosha.

Kwa kuwa Wabuge hawezi kukaa, na yeye pia siku hizi hawezi, Nangila ameanza kutembea naye. Kila siku saa kumi jioni wanatoka getini, yeye upande wa barabara, mzee upande wa ndani, mpaka kituo cha bodaboda na kurudi. Vijana wa pikipiki wamemzoea. Wabuge husimama mbele ya kila mmoja, mikono nyuma, na kumuuliza kama usalama upo.

"Upo, mzee," humjibu. "Barabara ni safi."

"Mmeangalia mpaka darajani?"

"Mpaka darajani."

Basi huitikia kwa kichwa, akamgeukia mkewe, na kumwambia wasonge mbele kidogo, wakaangalie wenyewe.