Baba Mtazama Chupa

Kreti ya soda ikitua kwenye duka la hapo nje, chupa hugongana mara moja kisha hutulia. Mimi, niliyehama mara moja tu maishani, kutoka kitanda cha chini hadi cha juu katika nyumba hii hii ya Makadara, huacha chai ipoe nikisikiliza.

Mlio huo ulikuwa wa baba. Nyuma ya mtaa wetu palikuwa na kiwanda kidogo cha soda, jengo la mawe lenye paa la mabati la meno ya msumeno, na ukutani chupa iliyochorwa, ndefu kuliko mlingoti wa bendera ya shule. Soda yao ya machungwa ilikupaka ulimi rangi hadi kesho yake. Wakubwa walisema kiwanda kilianza na mashine moja ya kuzungusha kwa mkono. Nilipozaliwa zilikuwa tatu, na tatu zikabaki. Baba aliketi mbele ya kioo cheupe chenye taa kwa nyuma, chupa zilizooshwa zikipita, naye akitafuta uchafu, ufa, au mende aliyepotea njia. Siku nzima. Wenzangu walijivunia baba wa reli. Wangu alitazama chupa.

Jioni alirudi akinukia sukari na sabuni, akaketi, akajifunika macho kwa kitambaa kilicholowa. Mama alikuwa bado sokoni Kariokor akiuza viondo vyake, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili, na mmoja haoni.

"Mama," aliniita hivyo kwa kuwa nina jina la mamake, "leo una sura gani?"

"Ya mtu aliyefeli hesabu."

"Hiyo naijua. Nipe nyingine."

Nilicheka, lakini moyoni niliona nimegeuzwa redio.

Nikiwa darasa la sita nilichaguliwa malkia katika mchezo wa shule. Si urembo, jamani. Gauni la pazia lilinitosha mimi peke yangu. Nilikimbia nalo hadi nyumbani, taji la karatasi kichwani, nikasimama mbele ya baba.

"Nitazame."

"Nieleze tu, Mama. Macho yanawaka."

"Ningekuwa chupa ungenitazama!"

Akaondoa kitambaa machoni. Macho yalikuwa mekundu, yanalengalenga machozi. Akanishika kidevu, akanielekeza dirishani, akanigeuza polepole, kushoto, kulia, nami sikupumua.

"Safi," akasema. "Hakuna ufa. Ila taji limelala upande. Malkia gani huyu, amelewa?"

Akajifunika tena. Maji yalimtiririka mashavuni. Nilidhani ni ya kitambaa.

Kiwanda kilifungwa. Jengo likawa ghala la magodoro, sasa ni kanisa, na mvua ikinyesha ile chupa hujitokeza chini ya rangi, waumini wakapita chini ya soda. Macho ya baba yalizidi kufifia hadi yakabakiza mwanga tu. Bado aliuliza nina sura gani, nami, mtu mzima na akili zangu, nikajibu mzaha kila mara. Ni baada ya kumzika ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa akinitania. Alikuwa anaomba kuniona.

Siku nyingine hununua soda moja, nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Ya mtu aliyefeli hesabu," nasema.

Hakuna anayeomba nyingine.