Siku Nilipopima Kerneli Kwenye Harusi ya Dada Yangu

Aibu hii kila familia ikikutana lazima kuna mtu ataikumbusha, kwa hivyo afadhali niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mjomba wangu Wafula (yeye huiongezea chumvi mpaka kanisa linashika moto).

Kazi yangu ni kerneli, ule moyo wa mfumo wa kompyuta unaoamua programu gani ifanye kazi sasa na gani ingoje, na naifanyia nyumbani Matisi, hapa Kitale. Wakati huo nilikuwa nimerekebisha sehemu inayotunza rejista za vekta, yaani visanduku vya ndani ya prosesa vinavyobeba namba nyingi kwa mpigo. Programu ikisimamishwa kidogo, kerneli huziweka namba zake kando, halafu huzirudisha kama zilivyokuwa. Ni kama posho mill, kule kwenye mashine ya kusaga, kila mtu aondoke na unga wa mahindi yake. Kupima, unawasha programu chungu nzima, kila moja inajaza visanduku namba inazozijua, unaziacha zigombanie prosesa, kisha unaangalia kama kuna iliyopewa unga wa jirani. Nilikuwa nimepima wiki nzima bila kosa, mpaka nikaanza kujisikia.

Sasa dada yangu Nekesa alikuwa anaolewa Bungoma, na baba alikuwa amelazwa Kitale baada ya upasuaji, daktari amemkataza katakata kusafiri. Mzee aliomba kitu kimoja tu, amwone binti yake akila kiapo. Nikapewa kazi ya kurusha ibada moja kwa moja kwa laptop yangu, na mke wangu Nafula akabaki wodini kumshikia baba simu ya kutazamia. Wote walisema kazi hiyo ni ya nani kama si yangu, nami nikavimba kichwa.

Asubuhi ile, nikifunga kamera kwenye nguzo ya kanisa, nikakumbuka kwamba kurusha video ni kazi inayozitumia sana rejista hizo, na nyumbani nilikuwa nimepima kwa vijiprogramu vyangu vya kutunga tu. Nikaona huu ndio mzigo wa kweli, tena wa bure, nikawasha laptop na kerneli yangu mpya na kuliacha jaribio liendelee kimyakimya nyuma ya video (mtu mwenye akili timamu angetumia kerneli ya zamani, lakini siku hiyo huyo hakuwepo).

Nyimbo zilipita vizuri, mahubiri pia. Mchungaji alipowaita maharusi mbele, uso wa Nekesa kwenye laptop ukageuka vipande vya kijani, pua ya bwana harusi, Simiyu, ikahamia kwenye shela, na sauti ikaanza kukoroma. Pembeni jaribio lilikuwa linamwaga mistari myekundu, nikajua kerneli yangu inaipa video namba za jaribio na jaribio namba za video. Ningelizima jaribio tu mambo yangetulia, lakini kosa kama hilo likikuponyoka utalitafuta mpaka uchoke, kwa hivyo (hapa ndipo naona haya zaidi) nikataka kwanza niihifadhi ile mistari. Nikabonyeza. Laptop ikaganda, halafu ikazimika kabisa.

Nafula akapiga simu.

"Baba anauliza mbona Nekesa amekuwa kijani, na sasa hakuna kitu."

"Mwambie ni network."

"Si network, hapa iko sawa. Umefanya nini?"

Laptop ilipowaka tena, maharusi walikuwa wanatia sahihi cheti. Mjomba Wafula, aliyekuwa ameichungulia ile mistari myekundu, akageuka kwenye benchi la mbele, akaniangalia pole pole.

"Si tulikupatia kazi ya kamera peke yake? Hiyo ingine umeleta kanisani ya nini, bana?"

Kanisa zima lilisikia. Nekesa yeye hakunigombeza. Aliniuliza tu kama baba ameona kiapo, nikasema hapana, akakunja shela yake mkononi na kumwambia Simiyu waende Kitale sasa hivi, wageni waanze kula. Mchungaji akapanda gari pamoja nao, nami nikafuata nyuma na boda, kwa sababu hakuna aliyenipa nafasi na sikuthubutu kuomba.

Wodini walisimama kando ya kitanda wakarudia kiapo chote, Nekesa vumbi limeshika pindo la gauni, na baba akalia waziwazi, nami nikalia kwa furaha na aibu zikiwa zimechanganyika. Kwa mazoea nikatoa simu nirekodi. Baba akainua ule mkono wenye dripu.

"Weka hiyo chini, baba. Leo wacha nione na macho yangu."

Nikaiweka chini. Kosa la kerneli nililipata baadaye, nikalirekebisha, na wenzangu wa kazi waliponiuliza nimelifumaniaje niliandika tu kwamba mashine ilikuwa na kazi nyingi. Nimeapa kutowasha tena kerneli ya kupimia kwenye mashine ambayo kuna mtu anaingoja. Kiapo chenyewe hakijanisaidia sana, maana harusi ikitokea kwetu siku hizi napewa kazi ya kupanga viti, na sibishani.