Jina la Philomena, Mbio za Kwandu

Wanafunzi wa darasa la saba, kwenye ukuta wa ofisi ya mwalimu mkuu wenu pameandikwa PHILOMENA MASALU, MITA 800, ALGIERS 1978. Mnapita hapo kila siku mkienda kunywa uji. Nataka mjue ni nani aliyekimbia, maana nilikaa naye dawati moja miaka saba na sijasahau kitu.

Anaitwa Kwandu. Ni yule bibi mrefu mwenye goti bovu, nyumba yake iko ng'ambo ya josho la ng'ombe.

Mwaka 1965 mzee Masalu alimwandikisha shule binti yake mkubwa, Philomena. Philomena alisoma wiki tatu tu, akapelekwa Ipililo kumlea mtoto wa shangazi yake. Siku hizo mtoto aliyeandikishwa akikosekana, baba yake anaitwa na mtendaji, na mzee Masalu hakupenda kuitwa na mtu. Akamchukua mdogo mtu, Kwandu, akamvika gauni lile lile, akamwambia, "Mwalimu akiita Philomena, wewe itika."

Akaitika miaka saba. Sisi watoto tulijua, wazazi walijua, nadhani hata mwalimu alijua. Daftari lilikuwa na jina, dawati lilikuwa na mtoto, yakaisha. Hapa kwetu hakuwa wa kwanza wala wa mwisho kusoma kwa jina la mwenzake.

Shida ililetwa na miguu yake. Kwandu alikuwa akikimbia peku na kuwaacha wasichana wote wa Maswa, halafu wa Shinyanga nzima, maana wakati huo tulikuwa mkoa wa Shinyanga. Alipomaliza la saba wakamchukua kwenye mashindano ya taifa. Kila alikofika karatasi zilikuwa zimemtangulia, na karatasi zilisema Philomena. Angesema mimi ni Kwandu, angerudishwa nyumbani. Hata pasi ya kusafiria ilitoka kwa jina hilo.

Mwaka 1976 aliitwa kambini Dar es Salaam kujiandaa na Olimpiki ya Montreal, kule Kanada. Mwalimu wenu amewafundisha kwamba nchi nyingi za Afrika zilisusa. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na makaburu wa Afrika Kusini, na New Zealand hawakufukuzwa kwenye Olimpiki, basi Tanzania ikasema haiendi. Ilikuwa haki, na mimi nasema hivyo mpaka leo. Lakini kitabu hakiwaambii ni nani aliyeilipia hiyo haki. Miaka miwili baadaye Kwandu alikwenda Michezo ya Afrika, Algiers. Alitolewa kwenye mchujo, wa sita kati ya wanane. Msicheke. Nitajieni mwingine wa kijiji hiki aliyewahi kuvaa fulana ya taifa. Aliporudi goti likamharibikia, akalima pamba kama sisi wote.

Sasa, mwaka jana mwalimu Methodius, yule mwalimu wa michezo aliyehamia kutoka Kagera, alikuta karatasi za zamani wilayani. Akaliona hilo jina, akafurahi, akataka liandikwe ukutani. Akaulizia mkoani, mjini Bariadi, ni wapi anakaa Philomena Masalu. Akaelekezwa Maswa, kwa bibi mmoja karibu na kiwanda cha kuchambulia pamba, mwenye kitambulisho cha taifa kinachosema hivyo hivyo. Akamuuliza kama jina ni lake. Bibi akasema ni lake.

Kwandu aliposikia alikuja kwangu asubuhi, hata salamu hakumaliza.

"Milembe, nataka jina langu liandikwe nikiwa bado naona. Sitaki kingine."

"Litaandikwa," nikamwambia. "Mimi si nipo?"

Nilijiamini mno.

Kamati ya shule ilikaa siku ya Jumanne. Philomena naye aliitwa, akaja na khanga mpya. Mwenyekiti, Maduhu, akamgeukia Kwandu.

"Mayu, mama yetu, una karatasi yoyote?"

Kwandu akatoa cheti cha mashindano na picha aliyopigwa Algiers. Maduhu akavitazama, akawatazama akina dada wote wawili. Sura zao ni moja.

"Cheti kinasema Philomena."

"Najua kinavyosema. Nimekaa nacho miaka arobaini na saba."

Nikasimama. "Maduhu, marehemu baba yako alikaa nyuma yetu darasani, akinakili hesabu zangu. Angekuwa hai angekwambia ni nani aliyekuwa akiitika."

"Na bado alifeli," akasema Maduhu, watu wakacheka. Kisha akakunja uso. "Mayu Milembe, mimi nakuamini. Ila tukiandika Kwandu, wilayani watauliza cheti ni cha nani. Tuwajibu nini? Kwamba mwanariadha wetu alisafiri kwa jina la mtu?"

"Wajibu hivyo hivyo, ndiyo ukweli."

Hapo Philomena akaomba kusema. Hakusimama.

"Mnanitazama kama mwizi. Nilirudi kutoka Ipililo nina miaka kumi na mitatu, nikaja hapa hapa kuomba kusoma. Mwalimu akafungua daftari, akasema Philomena Masalu yuko darasa la tano, wewe ni nani? Jina langu lilisoma, mimi sikusoma. Jina langu lilipanda ndege, mimi napalilia pamba ya shangazi. Safari hii limeitwa, nimeitika. Na hilo mtakaloandika ukutani sitaweza kulisoma."

"Nilikuwa na miaka saba, dada," akasema Kwandu.

"Na mimi tisa."

Mimi niliyekuja na maneno mengi nikakaa chini. Maduhu akafunga daftari lake. Karatasi ikashinda.

Siku ya kuzindua ule ukuta mlikuwepo. Philomena alikaa kiti cha mbele, Kwandu nyuma yake, mimi pembeni. Msichana mmoja wenu akauliza, "Bibi, mita mia nane ni mizunguko mingapi?" Mlimwona Philomena akiegemea nyuma kidogo. Hamkumsikia Kwandu akisema chini chini, "Miwili. Kengele inagongwa ukianza wa pili."

"Miwili," Philomena akasema kwa sauti. "Kengele inagongwa ukianza wa pili."

Mkapiga makofi.

Mkauliza kuhusu viatu, mkauliza walikuwa wanakula nini kambini. Kila jibu lilitoka nyuma likapita mbele. Halafu mvulana mmoja akauliza, "Bibi, mlipoambiwa hamwendi Montreal, ulifanya nini?"

Philomena akangoja. Sote tukangoja. Nilipogeuka, kiti cha Kwandu kilikuwa kitupu. Alikuwa ameshafika karibu na geti, akichechemea.

"Sikumbuki," akasema Philomena.

Niliwaona mkiinama kuandika. Kwenye madaftari yenu imo mpaka leo: hakumbuki.

Kwandu hajakanyaga tena shuleni kwenu, na akienda kisimani anazunguka kwa juu ili asiuone huo ukuta. Nimemwambia nitawaandikia, akasema fanya utakavyo. Basi chukueni kalamu, mkate hilo neno.

Aliyekimbia anakumbuka. Waliambiwa mchana, wamekaa chini kwenye nyasi. Suti za michezo walizokuwa wamepewa zikakusanywa saa ile ile, na wengine walikuwa hawajazivaa hata mara moja. Wasichana wakalia. Yeye hakulia. Jioni alikwenda uwanjani peke yake akiwa na gauni alilotoka nalo nyumbani, akakimbia mizunguko miwili kwa nguvu zake zote. Hakuna aliyempima muda. Alipomaliza alisimama kwenye mstari, akajiita kwa sauti, Kwandu Masalu, na akaitika mwenyewe.